Laina mpya ya kidimbwi imefura: kosa ni la nani?

Mwezi wa tano uliopita, kijana anayetunza nyumba ya wageni upande wa Galu alinipigia simu. "Kaka, laina ya kidimbwi haijatimiza wiki tatu, na chini imefura kama godoro. Tajiri ataka kunikata mshahara, asema nimezidisha dawa." Nilipofika nilikuta bustani imetuama maji ya mvua ya siku nne. Dawa haikuwa na hatia, wala kijana.

Kuanzia Tiwi hadi Msambweni, hoteli na nyumba za kukodisha hufanya ukarabati wageni wakiwa wachache, Aprili hadi Juni. Huo ndio msimu wa masika, na maji ya chini ya ardhi huwa yamepanda. Laina mpya basi hutiwa wakati ulio mgumu kuliko wote.

Laina ni nini

Ni ngozi ya plastiki ya PVC inayovalishwa kuta na sakafu ya kidimbwi cha kuogelea ili maji yasipenye. Nyepesi huwa na unene usiofika milimita 1. Iliyotiwa nyuzi ndani huwa kama milimita 1.5, na fundi huiunganisha kwa joto papo hapo kidimbwini. Laina yenyewe haina nguvu ya kubeba kitu. Yakandamizwa na maji yaliyomo ndani, ikalala juu ya sakafu iliyo chini yake. Ukilishika hilo, kasoro nyingi zitajieleza.

Kufura na kuelea

Maji ya nje yakipanda kuliko yaliyo ndani, huisukuma laina juu. Karibu na ufuo jambo hili huzidi wakati wa bamvua, kwani mawe yetu ya matumbawe hupitisha maji. Kosa kubwa ni kukimbilia kumwaga maji ya kidimbwi: hayo ndiyo yanayoizuia laina isizidi kuinuka. Chimba shimo kando, tia pampu, vuta maji ya nje. Yakishuka, mara nyingi laina hulala tena. Maji ya paa nayo yaelekezwe mbali.

Mikunjo

Ikiwa mikunjo yaonekana tangu siku ya kwanza, huenda vipimo vilikosewa, au hewa ya nyuma ya laina haikuvutwa kwa mashine kidimbwi kilipokuwa kikijazwa. Mikunjo hunyooshwa kwa miguu na mikono maji yakiwa bado machache sakafuni. Kidimbwi kikishajaa, kazi hiyo ni ngumu. Mikunjo inayokuja miezi baadaye yaweza kuletwa na maji yenye asidi nyingi, ambayo huifanya plastiki itanuke.

Maji kupungua

Usimshuke fundi kabla ya kupima, kwani jua na upepo pia hukausha maji. Jaza ndoo maji ya kidimbwi, iweke kwenye ngazi ya kidimbwini, na usawa wa maji ya ndoo uwe sawa na wa nje. Tia alama pande zote mbili, usubiri saa 24. Kidimbwi kikipungua kuliko ndoo, pana tundu. Angalia kwanza penye viungo: skima, taa, na midomo ya mabomba. Maji yakiacha kushuka usawa wa taa, anzia hapo. Tone la rangi ya chakula likivutwa ndani ya kiungo, umepapata.

Tundu la sakafuni mara nyingi hutokana na ncha ya tumbawe iliyoachwa bila kupigwa lipu laini na kutandikwa kitambaa kizito. Mkosaji mwingine ni ndago. Kijani hiki kidogo kina ncha kali inayotoboa plastiki kutoka chini, kwa hiyo king'olewe na mizizi yake kabla ya laina kutandikwa.

Madoa meupe

Haya ndiyo kosa la dawa. Klorini ya unga ikitupwa kavu hulala sakafuni na kuchuja rangi ya laina. Tia maji kwenye ndoo kwanza, kisha klorini, ukoroge, umwage kuzunguka kidimbwi pampu ikifanya kazi. Klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.6. Usichanganye kamwe klorini na asidi: hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua.

Kabla ya kulipa

Mwenye nyumba, andikiana na fundi: unene wa laina, kilichotandikwa chini yake, njia ya kutoa maji ya ardhini, na muda wa dhamana. Piga picha za sakafu kabla haijafunikwa. Bakisha sehemu ya malipo mpaka kidimbwi kijae na kipimo cha ndoo kifanywe. Ukiweza, ingoje mvua moja kubwa. Fundi mwaminifu hatakataa akijua tarehe ya kulipwa.

Na kabla ya kumkata mtunza nyumba mshahara, tazama kasoro iko wapi. Doa jeupe mahali unga ulipoangukia laweza kuwa lake. Kufura, mikunjo ya siku ya kwanza na tundu la tumbawe si vyake. Kijana wa Galu alivuta maji ya shimo siku mbili, laina ikalala, na mshahara wake haukuguswa.