Kituo cha Mizigo: Mitambo, Kompyuta na Watu, kutoka Kilindini hadi Kitale

Kituo cha mizigo ni mahali mzigo unapobadilisha chombo: kutoka meli hadi treni, kutoka treni hadi lori, kutoka lori hadi mkokoteni. Kila mara hilo linapotokea, vitu vitatu huhama pamoja, navyo ni uzito, hati na dhamana. Uzito unataka nguvu ya kuunyanyua. Hati inataka karani wa kuithibitisha. Dhamana inataka mtu wa kujibu iwapo mzigo utapotea au kuharibika. Tofauti ya kituo cha zamani na cha kisasa iko katika jinsi kazi hizo tatu zinavyogawanywa baina ya mashine na binadamu.

Mkulima wa Trans Nzoia au Bungoma anaweza kudhani kwamba mambo ya gati ni ya watu wa pwani. Lakini mfuko wa mbolea anaoufungua shambani mwezi wa Machi umepita mikononi mwa vituo kadhaa kabla ya kumfikia. Makala haya yanafuata mnyororo huo kutoka gati la Kilindini, Mombasa, hadi stoo za Kitale, mji ambao pembezoni mwake uko mtaa wa Kipsongo, makao ya familia nyingi zenye asili ya Turkana.

Enzi ya mgongo

Reli ya mita moja, yaani yenye upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilipitia Eldoret kuelekea Uganda, ikafika Kampala mwaka 1931. Bungoma na Webuye, uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, ziko kwenye njia hiyo. Tawi la kutoka Leseru lilifika Kitale mwaka 1926, na kuanzia hapo mahindi ya nyanda hizi yakapata njia ya moja kwa moja hadi baharini.

Treni ilikuwa ya mvuke, lakini kupakia na kupakua kulikuwa kwa mgongo. Kule Kilindini, winchi za meli zilishusha nyavu zilizojaa magunia, na makuli wakayapokea mmoja mmoja. Meli moja ingeweza kulala gatini siku nyingi. Kazi ilikuwa ya kibarua cha siku: leo ipo, kesho haipo. Uchungu wa hali hiyo ulizaa migomo ya mwaka 1939 na ule mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, ambao sauti yake kubwa ilikuwa ya Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi Waafrika. Historia ya bandari zetu kwa hiyo ni ya saruji na chuma, na ni ya watu waliodai walipwe sawasawa na uzito waliobeba.

Kontena

Mabadiliko makubwa yalianzia mbali. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iliyoitwa Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya chuma. Mwenye wazo alikuwa Malcom McLean, tajiri wa malori aliyechoshwa na kusubiri mizigo ipakuliwe kipande kwa kipande.

Kontena ya kawaida ina urefu wa futi 20, yaani mita 6.06, na upana wa mita 2.44. Ikiwa tupu ina uzito wa takriban tani 2.2, na ikijaa haitakiwi kuzidi tani 30.48. Siri yake haiko katika ukubwa bali katika pembe zake nane, kila pembe ikiwa na tundu la chuma la kipimo kilekile dunia nzima. Kufuli ya kuzungusha huingia tundu hilo, ikageuka, ikashika. Kwa sababu ya tundu hilo, kreni ya Mombasa huweza kuinua sanduku lililotengenezwa China bila kuuliza ndani kuna nini.

Kila kontena ina jina lake: herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za mwanzo humtaja mwenye mali, na ya nne aghalabu ni U. Tarakimu sita ni namba ya kontena yenyewe. Ya saba ni mlinzi. Tuchukue CSQU 305438 3. Kila herufi ina thamani yake: C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Thamani ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na kuendelea hivyo kwa kuongeza maradufu hadi 512. Jumla yake ni 6,185. Ukigawa kwa 11, kinachobaki ni 3, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Karani akikosea akaandika 305488, baki itakuwa 7, na kompyuta itakataa papo hapo. Hesabu ndogo ya shule ya msingi inazuia kontena ya mtu wa Bungoma isipelekwe Kigali.

Mitambo ya gati

Kituo cha kwanza cha kontena cha Mombasa kilijengwa kwa uwezo wa kontena 250,000 kwa mwaka, kwa hesabu ya futi 20. Hakikutosha. Kituo cha pili, kilichojengwa kwa mkopo wa Japani, kilifunguliwa mwaka 2016 kikiwa na uwezo wa 550,000, na awamu yake ya pili ya mwaka 2022 ikaongeza 450,000. Mwaka 2024 bandari ilipitisha zaidi ya kontena milioni 2 kwa mara ya kwanza.

Kreni ya gati husimama juu ya reli kando ya maji, mkono wake ukiwa umenyooka juu ya meli. Mwendeshaji huketi katika chumba cha kioo kinachoning'inia, akitazama chini kati ya miguu yake. Hushusha fremu, kufuli nne zikashika pembe za juu, akainua. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika mbili au tatu. Chini husubiri trela la bandarini, ambalo hupeleka kontena uwanjani. Huko kreni ya magurudumu ya mpira huipanga juu ya nyingine, hata nne au tano kwenda juu.

Si kila kitu huja ndani ya kontena. Ngano na mbolea kwa kawaida huja kichele, yaani zimemwagwa ndani ya ngama ya meli bila magunia. Mitambo huzinyonya au kuzichota kwa koleo kubwa la kreni, kisha mbolea hufungwa katika mifuko ya kilo 50.

Akili ya uwanja

Kunyanyua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua. Uwanja wa kontena hugawanywa kama mji: una vitalu, safu, mistari na ngazi, na kila kontena ina anwani. Ikiwa ile inayotakiwa leo imelazwa chini ya nyingine nne, kreni italazimika kuhamisha nne kabla ya kuifikia. Jasho hilo halilipiwi na mtu. Hivyo mpangaji mzuri huuliza mapema: ipi itachukuliwa kesho, ipi wiki ijayo, ipi ni ya treni na ipi ni ya lori?

Halmashauri ya Bandari, KPA, ilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao KWATOS mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Kwa upande wa hati, wakala wa KenTrade ulioanzishwa mwaka 2011 unaendesha dirisha moja la kielektroniki, ili mwagizaji asizunguke na karatasi kutoka ofisi hadi ofisi akiomba vibali. Mamlaka ya Ushuru ina mfumo wake wa forodha. Tangu 2017, mizigo ya kupita kwenda Uganda na Rwanda hufungwa sili ya kielektroniki yenye kifaa cha setilaiti. Lori likiacha njia yake au mlango ukifunguliwa, taarifa hufika katika vituo vya ulinzi vya Nairobi, Kampala na Kigali.

Watu wa gati

Mashine hizi hazikuondoa watu. Zimewahamisha, kazi ikatoka mgongoni ikaenda machoni na vidoleni. Meli huingizwa bandarini na rubani, na Elizabeth Marami ndiye anayejulikana kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuifanya kazi hiyo. Mwendesha kreni, fundi wa umeme, mpangaji wa uwanja, karani wa tali anayehesabu kila kontena inayogusa ardhi, mfunga kufuli anayepanda juu ya meli, afisa wa forodha na wakala wa mwagizaji, wote hao hutegemeana kama meno ya gia. Karani mmoja akichelewa kuthibitisha, foleni ya malori hufika barabarani.

Bara: pale njia zinapopishana

Reli mpya ya upana wa milimita 1,435 ilianza kubeba abiria Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 na mizigo mwaka uliofuata. Treni moja ya mizigo huweza kuvuta kontena 108 za futi 20 hadi bandari kavu ya Embakasi, iliyofunguliwa mwaka 1984 na kupanuliwa baadaye. Reli ilifikishwa Naivasha mwaka 2019, ikaishia hapo. Kutoka Naivasha kuelekea Malaba, kazi hurudi kwa ile reli ya zamani ya milimita 1,000. Magurudumu ya moja hayaingii kwenye nyingine, kwa hiyo kila kontena lazima inyanyuliwe kutoka treni hii iwekwe kwenye ile. Tofauti ya milimita 435 inalipiwa kwa kreni, kwa muda na kwa fedha. Treni inayopita Bungoma usiku ikielekea Malaba imebeba gharama hiyo.

Mizigo mingi zaidi huja kwa barabara. Kwenye njia kuu ya kuelekea Malaba, mizani ya Webuye ndiyo mlango ambao dereva hawezi kuukwepa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili zilizoandamana na tani 24 kwenye tatu. Trela la ekseli sita kwa hiyo lisizidi tani 50, na la ekseli saba tani 56. Mpakiaji aliyerundika mzigo nyuma, kilomita mia kadhaa kabla, humtia dereva na tanboi wake matatani Webuye, hata kama uzito wa jumla uko sawa. Mizani inapima lori, na inapima pia ustadi wa aliyelipakia.

Kitale: mwisho wa mnyororo

Kitale nayo ni kituo, ingawa haina gati. Barabara ya A1 inatoka Webuye, inapita Kitale na kuendelea kupitia Kapenguria hadi Lodwar na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Mahindi hutoka na mbolea huingia. Kwenye stoo za Halmashauri ya Nafaka na Mazao, mkaguzi huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje chache na kuzipima: unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo ukungu utazaa sumu ndani ya ghala.

Kisha huja kazi ya mabega. Lori la tani 28 lina mifuko 560 ya kilo 50. Ubao huegeshwa kwenye ukingo wa lori, kila mpakiaji hujikunjia kipande cha gunia kichwani na shingoni, wawili waliopo juu humpandishia mfuko, naye hushuka kwa hatua fupi za haraka. Wakiwa kumi, kila mmoja atashusha mifuko 56, sawa na kilo 2,800, kabla ya kunawa mikono. Mara nyingi hulipwa kwa idadi ya mifuko. Hao ni vijana na wazee wa mitaa ya mji kama Kipsongo, wanaoamka kutafuta kibarua cha siku, kama walivyoamka makuli wa Kilindini mwaka 1947.

Hapa ndipo linapoonekana jambo ambalo takwimu za bandari haziwezi kulionyesha. Tani 28 ambazo kreni ya Mombasa huziinua kwa mzunguko mmoja wa dakika mbili au tatu, Kitale huziinua mara 560. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebe kwa mkono zaidi ya kilo 55. Bei ya mahindi yetu bado hutajwa kwa gunia la kilo 90, na gunia la namna hiyo likishonwa, kuna mgongo utakaolibeba.

Dawa ya hili haihitaji kusubiri reli mpya. Kufunga kwa kilo 50 na kushikilia kipimo hicho, mbao za kupangia mifuko na foklifti moja ya ghala, mkanda wa kupandishia magunia, sakafu ya ghala iliyo sawa na kimo cha lori, na daftari linalotaja majina ya wapakiaji ili aliyeumia ajulikane alikuwa kazini. Ni vifaa vya kawaida, si maajabu. Mpakiaji mzoefu ana elimu yake pia: mfuko uliolowa au kuganda huujua pale tu unapomgusa bega, kabla ya mkaguzi kufika. Elimu hiyo inastahili kalamu na mshahara wa mwezi, kama ya karani wa tali.

Tarakimu ya saba hulinda kontena isipotee kati ya Newark na Naivasha. Sili ya setilaiti hulinda mlango wake hadi Kigali. Kinachosalia kwenye mnyororo huu ni ulinzi wa mtu anayeshusha mfuko wa 560 jioni, Kitale.