Phonie: simu bila kengele

Phonie ya kwetu Ankoro haikuwa simu mbovu. Ilikuwa redio ya mawimbi mafupi, waya umetandazwa kati ya miti, betri ya gari chini. Miaka ya Zaïre, laini za posta zilipokufa, redio za namna hiyo, kwenye misheni na kwa wachuuzi, ndizo ziliunganisha sehemu za ndani na miji kama Kalemie ao Lubumbashi.

Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye ishara. Ofisi yenye sentrali yake inapokea laini ya posta yenye volti 48. Ukiinua simu, mkondo unapita, posta inajua unataka kuongea. Wakikuita, wanatuma mkondo mwingine, wa kengele. Shida ni moja: mmoja anatoka, mwingine anaingia, wanagongana kwenye laini ileile. Ndiyo maana mafundi walitunga laini ambayo waya wake mmoja unagusishwa ardhi, ili ijulikane mara moja kwamba imeshikwa.

Phonie haina hayo yote. Kengele hakuna, kwa hiyo watu walipatana saa. Usipokuwa pale saa ile, habari ya kilio inakupita, mazishi yanafanyika bila wewe. Mmoja akibonyeza, mwingine anyamaze mpaka asikie "à vous". Na wote wa mawimbi yale wanasikia: bei ya samaki, ugonjwa, hata deni la mtu!

Vodacom ilianza kazi Kongo mwaka 2002. Kule mnara haukufika, phonie iliendelea kwa saa zake.