Kivuli cha Floo ya Nne

Jikoni kwetu Komarock taa huwashwa saa nne asubuhi. Si kwamba tunapenda kununua tokeni za stima. Jirani aliongeza floo ya nne, na dirisha letu sasa linatazama ukuta wake.

Babangu alipochukua nyumba hii kwa mkopo, karatasi zake zilisema wazi: nyumba ya familia moja. Esteti ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Kenya Building Society, kampuni tanzu ya Housing Finance, kwa watu wenye mshahara wa mwezi. Mlango mmoja, familia moja, kiwanja kidogo cha kupanda sukuma.

Lakini kanuni za ujenzi Nairobi hazijawahi kumjua vizuri mtu wa Eastlands. Zile za 1968, zilizofuata za Uingereza, zilidai nyumba ambayo wengi hawangeweza kuilipia. Ndiyo maana Dandora, mradi ulioanza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uligawa viwanja kama 6,000 vyenye choo na bafu, halafu mwenyewe amalizie. Wakamalizia kweli! Vyumba vya kupangisha kwanza, ghorofa baadaye. Umoja nako kulijengwa nyumba za chini miaka ya 1970 kwa pesa za Marekani. Tafuta leo moja ambayo haijapanda, utachoka. Sisemi kwa dharau. Kodi ya vyumba hivyo imesomesha watoto wengi, pengine hata wewe.

Mwaka 1995 kanuni zililegezwa, vifaa vya bei nafuu vikaruhusiwa. Mwaka 2004 Baraza la Jiji likatoa mwongozo ulioigawa Nairobi katika kanda 20, kila kanda na kipimo chake. Mjengo ukaendelea tu. Mwaka 2015 kaunti ikapitisha sheria ya kurasimisha majengo yaliyosimama bila kibali. Kuna walioona ni busara, kuna walioona ni kumtuza mvunja sheria. Mwaka uliofuata, usiku wa Aprili 29, ghorofa moja Huruma ilianguka wakati wa mvua na kuua watu kama 50. Ilikuwa imeshaamriwa ibomolewe.

Kwa hiyo mjadala wa kanda ukizuka, mimi huwa upande wa wanaotaka kanuni zikazwe. Hadi nifike nyumbani.

Mzee amestaafu na dawa zake si za bei rahisi. Mamangu amepiga hesabu: vyumba sita juu, kodi kila mwezi.

"Kwani ni sisi tu tutabaki chini?"

Nikamwambia tutawazibia mwanga walio nyuma yetu.

"Na wetu ulipozibwa, nani aliuliza?"

Akamwita fundi. Fundi alichimba shimo kando ya ukuta wa jikoni ili auone msingi. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa bonge la udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka.

"Mama, huu msingi ni wa nyumba ya chini," alisema. Akajifuta mkono kwenye suruali. "Huyu jirani yenu, alichimba upya ama alipandia tu juu?"

Hakuna aliyejua. Tukainua macho sote watatu hadi floo ya nne, ambako mtu alikuwa akianika sare za shule.