Sikio la Cassini: Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Oktoba 15, 1997, roketi iliruka kutoka Cape Canaveral, Marekani, ikiwa na vyombo viwili vilivyoshikana. Kikubwa kilikuwa Cassini cha NASA, kinachokwenda kuizunguka sayari ya Zohali. Kidogo, chenye kilo 318, kilikuwa Huygens cha ESA, Shirika la Anga la Ulaya. Hicho kitashuka kwa parachuti hadi Titan, mwezi mkubwa wa Zohali uliofunikwa na ukungu mzito. Sauti ya Huygens ni dhaifu, haiwezi kubeba picha hadi duniani, kwa hiyo Cassini ndicho kitakachokuwa sikio lake. Sasa vyombo vimeshasafiri zaidi ya miaka miwili, na mjini Darmstadt, Ujerumani, mhandisi Boris Smeds anauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: sikio hilo limewahi kupimwa katika hali itakayokuwapo siku yenyewe?

SASA ENDELEA

Februari 2000. Smeds, Msweden mtaalamu wa mawasiliano ya redio, yuko Goldstone, katika jangwa la Mojave, California. Ni huko NASA ilikojenga madishi makubwa, mbali na kelele za redio za miji, ili yasikilize vyombo vilivyoko mbali na dunia. Cassini kwa wakati huo kinakata ukanda wa asteroidi.

Jaribio alilokuja nalo lilikuwa jepesi kulieleza, gumu kulitekeleza. Huygens chenyewe kilikuwa kimeshikizwa ubavuni mwa Cassini, kimelala. Basi dishi la Goldstone lijifanye Huygens. Litume mawimbi yanayofanana na yake, Cassini kiyapokee kwa kipokezi kilekile, kisha kirudishe duniani kile kilichosikia. Ukilinganisha kilichosemwa na kilichosikika, unajua hali ya sikio.

Wengine wangeridhika na jaribio la harakaharaka: tuma wimbi lililotulia, hakikisha limefika, fungasha mizigo. Smeds alitaka wimbi liyumbishwe kama litakavyoyumba siku ya Titan, chombo kimoja kikining'inia kwenye parachuti na kingine kikija kwa kasi ya kilomita 5.5 kila sekunde. Pendekezo hilo lilikataliwa mwanzoni kwa kuwa eti lina mambo mengi mno. Claudio Sollazzo, aliyesimamia shughuli za Huygens pale Darmstadt, na Jean-Pierre Lebreton, mwanasayansi wa mradi, walisimama na Smeds mpaka likakubaliwa.

Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta, mfikirie mpiga ngoma aliyesimama juu ya lori linalokuja upande wako. Honi ya lori likija huwa nyembamba, na likishakupita huwa nzito. Kila aliyewahi kusubiri basi kando ya barabara kuu analijua hilo, na wanafizikia huliita athari ya Doppler. Ila usiishie kwenye honi. Sikiliza na ngoma. Kwa kuwa lori linasogea, kila pigo linasafiri njia fupi kidogo kuliko pigo lililotangulia, hivyo mapigo nayo yanakufikia kwa haraka zaidi kuliko mkono wa mpigaji unavyokwenda.

Mawimbi ya Huygens yalikuwa na vyote viwili. Honi ilikuwa masafa yenyewe ya redio. Ngoma ilikuwa zile sifuri na moja zinazobeba picha na vipimo, 8,192 kila sekunde.

Siku ya jaribio, wimbi lilitangulia kutumwa likiwa limetulia. Cassini kikasikia vizuri, kila kitu mahali pake. Kisha Smeds akaingiza Doppler, akangoja dakika nyingi wimbi lifike kule na jibu lirudi.

Jibu lilirudi. Lilikuwa limevurugika.

*

Akarudia. Akabadilisha nguvu ya wimbi, akabadilisha kiasi cha Doppler, akapima hali moja baada ya nyingine. Pasipo Doppler, data safi. Ikiingia, Cassini kinapokea maneno yasiyo na maana. Kama siku hiyo ingekuwa ndiyo siku ya Titan, sehemu kubwa ya yale ambayo Ulaya iliyasubiri kwa miaka ingepotea hewani, na hakuna awezaye kurudia, kwa sababu Huygens kinashuka mara moja tu.

Ugonjwa ulikuja kujulikana. Waliotengeneza kipokezi walikumbuka honi na kusahau ngoma. Kipokezi kiliweza kufuata masafa ya redio yakipanda na kushuka bila shida yoyote, lakini saa yake ya kuhesabia mapigo ilifungwa kwenye mwendo mmoja. Tofauti yenyewe ni ndogo mno: katika kila mapigo laki moja yaliyotumwa, yanawahi kuingia karibu mawili ya ziada. Mawili tu! Lakini kipokezi kikishapotewa na hesabu, hakijui tena tarakimu hii inaanzia wapi na ile inaishia wapi, na picha ya mto inakuwa mchanga uliomwagwa.

Hapa mimi huwa naumia kila ninapoisoma habari hii. Jaribio kamili lilikuwa limefikiriwa kabla ya kuruka. Lingewalazimu wahandisi kufungua vifaa vilivyokwisha kufungwa na kuvithibitisha upya, kwa gharama na muda, nalo likaachwa. Kila kipande kilikuwa kimepimwa peke yake na kufaulu. Kilichokosekana ni kuviweka pamoja na kuuliza: na siku tukiwa tunakimbia?

Duniani ungechukua kompyuta, ukabadilisha namba moja katika programu, ukanywa chai. Programu ya kipokezi hiki ilikuwa imechomwa ndani ya vifaa, haiandikiki upya kwa redio. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa mamilioni ya kilomita kutoka kwa tabibu, likizidi kwenda mbali kila siku.

Januari 2001 ESA na NASA ziliunda kikosi cha pamoja cha uokoaji. Walikuwa na miaka mitatu na nusu kabla ya kufika Zohali, na hawakuwa na bisibisi yenye urefu huo.

*

Kama sikio haliponi, badilisha njia ya lori.

Lori likija moja kwa moja usoni pako, mapigo ya ngoma yanabanana. Likipita mbali, likikata kutoka kushoto kwako kwenda kulia, umbali kati yenu haupungui kwa kasi ile, na ngoma inarudi karibu na mwendo wake halisi. Huo ndio ulikuwa ufunguo. Katika mpango wa kwanza, Cassini kingepita kilomita 1,200 tu juu ya Titan, kikikimbilia kule Huygens kinakoshukia. Sasa kingepita takriban kilomita 60,000 kutoka Titan, kikitazama pembeni, kama nahodha anayekwepa mwamba kwa kuuzungukia mbali.

Na ratiba yote ikapanguliwa. Kushuka kulikopangwa Novemba 2004 kukasogezwa hadi Januari 2005. Mizunguko ya kwanza ya Cassini kuzunguka Zohali ikachorwa upya, na akiba ya mafuta ikaguswa. Wakaongeza na hila nyingine ndogo: Huygens kiwashwe mapema kabla ya kushuka, kipate joto, kwa maana joto hubadili kidogo mwendo wa saa ya ndani, na kila kidogo kilikuwa na thamani.

Julai 1, 2004, Cassini kiliwasili Zohali salama. Desemba 25, wakati nyumba nyingi za Ulaya zikiwa katika Krismasi, springi zilikisukuma Huygens taratibu, kikiwa kinajizungusha ili kisiyumbe njiani. Tangu hapo kilikuwa peke yake. Kiliundwa kuweza kusema tu, hakikuwa na chombo cha kusikilizia amri. Hata kama mtu wa Darmstadt angegundua kosa usiku huo, asingekuwa na namna ya kukiambia. Ndani yake kulikuwa na saa tatu za kengele, zikihesabu kurudi nyuma kwa siku ishirini, gizani, katika njia ya kilomita milioni nne.

Zikigoma, Huygens kingeweza kuingia Titan kikiwa usingizini na kupotea kimya.

*

Ijumaa, Januari 14, 2005. Mjini Darmstadt watu wamejaa. Wengine wameutumikia mradi huu tangu miaka ya 1980, nywele zimeota mvi juu yake.

Hawawezi kujua lolote kutoka kwa Cassini kwa sasa. Dishi lake moja kubwa haliwezi kuangalia pande mbili. Limegeuziwa Titan na dunia imepewa kisogo. Kitasikiliza kwanza, kitahifadhi, kisha kitageuka na kusimulia. Mpaka hapo ni kungoja jioni.

Lakini kuna sikio jingine. Kule Green Bank, jimbo la West Virginia, kuna darubini ya redio yenye dishi la mita 100. Wanasayansi wamelielekeza Titan, umbali wa zaidi ya kilomita bilioni moja, wakitafuta wimbi la chombo kinachotumia nguvu ndogo kama simu ya mkononi. Haliwezi kusoma picha. Litaweza kujua jambo moja tu: yupo au hayupo.

Saa tano na dakika ishirini na kitu asubuhi, kwa saa za Ujerumani, mstari mwembamba ukajitokeza kwenye skrini za Green Bank.

Yupo. Kengele zimelia, ngao ya joto imehimili, parachuti limefunguka. Wimbi lenyewe lilikuwa limeondoka Titan dakika 67 kabla, kwa hiyo kila walichokiona kilikuwa kimekwisha kutokea. Saa moja ikapita, na wimbi lipo. Ya pili ikapita. Muda wa kugusa ardhi ukafika, na Huygens, ambacho hakikuhakikishiwa hata dakika tatu za uhai kikishatua, kikaendelea kuita. Titan ilipozama upande wa Marekani, darubini ya Parkes kule Australia iliupokea mwito huo nayo ikaushika. Kipo ardhini, kwenye baridi ya nyuzi 180 chini ya sifuri, na bado kinaita.

Fikiria ilivyokuwa kwa Smeds na wenzake. Dunia nzima ilikwisha kushangilia, ila swali lao lilikuwa halijaguswa. Green Bank ilisikia honi. Ngoma je? Miaka minne ya kupinda njia ya chombo kizima kwa ajili ya mapigo mawili katika laki moja, na jibu limo kifuani mwa Cassini, ambacho sasa kilikuwa kinageuka polepole kuielekea dunia.

Saa kumi na moja na dakika 19 jioni, data za kwanza zilifika Darmstadt.

Huygens kilisemea midomo miwili, Mkondo A na Mkondo B, ili mmoja ukikatika mwingine uendelee. Vipimo vingi vilipita kote kuwili, lakini vitu viwili havikurudiwa. Picha ziligawanywa, nusu A na nusu B, ili zipatikane nyingi maradufu. Na kazi ya Michael Bird wa Chuo Kikuu cha Bonn, ya kupima upepo wa Titan kwa kufuatilia jinsi wimbi linavyoyumba, ilitegemea saa sahihi mno iliyofungwa kwenye Mkondo A peke yake.

Wakaanza na B. Mapigo yalikuwa safi. Pakiti baada ya pakiti, bila kuvurugika, kama vile hapajawahi kuwa na ugonjwa. Njia mpya imefanya kazi, kipokezi kimefuata ngoma mwanzo hadi mwisho, na zile siku za jangwani zimelipwa. Watu wakakumbatiana, wengine machozi yakiwatoka bila kuyaficha.

Kisha macho yakahamia kwenye Mkondo A.

Hazikuwa data zilizovurugika kama za Goldstone. Hapakuwa na data. Hakuna hata pigo moja, tangu parachuti lilipofunguka hadi Cassini kilipogeuka. Nusu ya picha haipo. Kazi yote ya Bird haipo. Na Huygens hakikuwa na kosa, maana Green Bank na Parkes zilikuwa zimeusikiliza Mkondo A huohuo kwa masaa, waziwazi, kutoka umbali wa kilomita bilioni moja na ushei.

Huygens kilisema. Dunia ilisikia. Cassini, kilichokuwa karibu kuliko wote, hakikusikia neno.

Jibu halikuwa Titan. Lilikuwa kwenye orodha ya amri zilizotumwa kutoka duniani kwenda Cassini, na wahandisi wakaifungua, wakaanza kuisoma mstari kwa mstari...

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO