Mutahi, Wahome

Wahome Mutahi (1954–2003) alikuwa mwanahabari, mwanariwaya na mtunzi wa tamthilia kutoka Nyeri, Kenya, aliyefahamika zaidi kwa *Whispers*, safu ya kejeli iliyosomwa kwa miaka mingi katika gazeti la *Sunday Nation*. Mhusika mkuu, Whispers, ni mume mlevi mwenye majigambo. Mkewe, mwenye kauli ya mwisho nyumbani, anaitwa Thatcher, jina la waziri mkuu wa Uingereza wa enzi hizo. Ni kaya ambayo wakazi wa Buruburu au Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, wangeitambua mara moja: baa, kanisa, mshahara usiotosha hadi mwisho wa mwezi. Chini ya utani huo, utawala wa Rais Daniel arap Moi ulikuwa ukisutwa. Mwaka 1986 Mutahi alikamatwa kwa tuhuma za kuhusika na Mwakenya, kundi la siri lililoupinga utawala huo, akafungwa. Masaibu hayo yalizaa riwaya *Three Days on the Cross* (1991) na *Jail Bugs* (1992). Tamthilia zake za Kikuyu, zilizochezwa hata kwenye mabaa, ziliwakejeli watawala waziwazi zaidi. Alifariki Julai 2003 baada ya kupoteza fahamu kwa miezi kadhaa kufuatia upasuaji. Wachapishaji wa Kenya walianzisha tuzo ya fasihi yenye jina lake.