Mkono Kwanza, Mguu Baadaye

Kifo cha Mercutio ndicho kilichonitia katika mambo haya. Kikundi chetu cha maigizo kilichagua sehemu moja ya Romeo na Juliet, ile tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597: Tybalt na Mercutio wanapigana barabarani Verona, Romeo anaingia kati kuwaamua, Tybalt anapitisha upanga chini ya mkono wa Romeo, na Mercutio anachomwa. Kitabuni ni rahisi. Uani kwetu, na mipini ya fagio, ilitushinda. Tulikuwa tunagonganisha miti kama tulivyoona kwenye sinema, mikono juu ya vichwa mithili ya watu wanaotwanga, na kila tulipofika penye kifo watazamaji wetu, yaani wadogo zetu watatu na jirani mmoja, walicheka.

Kumbe kosa lilikuwa la silaha. Sisi tulipigana kama watu wenye panga za kufyekea, na Tybalt alikuwa na rapia. Hiyo ni silaha ya mjini: upanga mwembamba wa kilo moja na ushei, bapa lake mara nyingi linapita mita moja, na kazi yake kubwa ni kuchoma kwa ncha. Urefu huo uliwakera wakubwa hata Malkia Elizabeth I wa Uingereza, katika miaka ya 1560, akaamuru bapa lisizidi yadi moja na nusu ya robo, kama sentimita 103. Lakini vijana wa London hawakuacha kuwafuata walimu wa Kitaliano. Mmoja wa walimu hao, Vincentio Saviolo, alichapisha kitabu huko huko London mwaka 1595.

Mimi nilimchagua Mtaliano mwingine, Ridolfo Capo Ferro, ambaye kitabu chake kilitoka Siena mwaka 1610. Nakiri nilimchagua kwa ajili ya michoro. Maneno yake niliyasoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Anasema upanga uwe na urefu wa mkono wako mara mbili. Nikapima mkono, sentimita 61, nikaukata mpini wa fagio kwa sentimita 122 (mama hajanisamehe). Mchoro mmoja unaonyesha namna ya kujitupa mbele, umetiwa herufi mwilini ili ujue kila kiungo kimetoka wapi na kimefika wapi. Nikachora duara la chaki ukutani, ukubwa wa kisahani cha chai, nikaanza.

Wiki mbili nzima nilichoma ukuta kila mahali isipokuwa kwenye duara. Goti likaniuma. Na mwenzangu, niliyekuwa nikicheza naye, alikuwa ananipangua huku anapiga miayo.

"Mguu wako unakusengenya, bwana," akaniambia. "Ukiunyanyua tu, najua unakuja."

Dawa, ndugu msomaji, niliipata kwa adui wa Waitaliano. George Silver, Mwingereza, mwaka 1599 alitoa kitabu cha kuwaponda walimu hao na rapia yao. Eti yeye na nduguye Toby walibandika matangazo ya kumwita Saviolo na mwenzake jukwaani, wakangoja, na hao hawakutokea. Hayo tunayasikia kwa mdomo wa Silver tu. Lakini ndani ya hasira zake mna jambo: mkono una kasi kuliko mguu, kwa hiyo mkono utangulie, kiwiliwili kifuate, mguu uje mwisho. Nikaanza upya, polepole kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Nanyoosha mkono. Ncha ikishatulia, naegemea. Halafu ndipo mguu. Mwisho wa mwezi duara lilikuwa limetoboka plasta, na mwenzangu ameacha kupiga miayo.

Silver analalamika pia kwamba rapia huwaua wote wawili. Tulicheka tuliposoma. Jioni moja, bila kinga yoyote usoni, tukanyoosha mikono sawia, kila mmoja akidhani amewahi. Fimbo yake ilinipata mtulinga. Yangu ilimchana chini ya jicho. Ingepanda upana wa kidole kimoja tu, leo nisingekuwa ninaandika makala ya historia. Tulikaa wiki tatu bila kugusa fimbo wala kuzungumzia habari hiyo, na tuliporudi tulivaa kofia za pikipiki zenye vioo.

Hapo ndipo nilipomwelewa Capo Ferro. Karibu michoro yake yote inaonyesha mwisho: mmoja amekwisha kuchomwa. Nilikuwa najifunza kuua, sikuwa najifunza kufika pale. Njia yenyewe imo katika maneno ambayo niliyaruka: bapa la karibu na mkono lina nguvu, la karibu na ncha ni dhaifu, kwanza weka nguvu yako juu ya udhaifu wake, umfungie mlango, ndipo uchome. Waitaliano waliita kuutafuta upanga. Hakuna mwalimu aliyebaki wa kukusogeza kiwiko. Rapia iliachwa ikazaliwa silaha fupi, na Waingereza Egerton Castle na Alfred Hutton walipoifufua, miaka ya 1880 na 1890, waliitoa vitabuni kama sisi. Castle, katika historia yake ya mwaka 1885, aliwaona wazee hao kama wanafunzi waliokuwa wakipapasa kuelekea ustadi wa zama zake. Sikubaliani naye. Anayepapasa ni sisi.

Tuliporudi kwa Mercutio, tulimpa bapa la Tybalt mkononi: ameshalitafuta, amelifunga. Romeo anaingia kwa nia njema, mkono wake unausukuma upanga wa rafiki yake pembeni, na bapa la Tybalt linabaki huru. Haliinuliwi juu. Linanyooka tu, shubiri mbili, chini ya kwapa la Romeo, na kurudi.

Siku ya onyesho hakuna aliyecheka. Mercutio alisimama, akashika ubavu, akaendelea na mizaha yake, na kutoka viti vya nyuma nikamsikia dada mmoja akimuuliza mwenziwe, "Huyu amechomwa saa ngapi?"