Mkojo Uliowafungisha Virago Mabingwa wa Marekani

Oktoba 2025, Ruth Chepng'etich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka mitatu. Mkojo wake ulikutwa na haidroklorothiazidi, dawa ya kuongeza mkojo iliyopigwa marufuku michezoni, nanogramu 3,800 kwa mililita, wakati kiwango kinachovumiliwa ni 20 tu. Mabishano yakahusu bingwa na wakala wake. Kuhusu mashine zinazoona kitu kidogo kiasi hicho, kimya.

Steroidi zilipopimwa mara ya kwanza katika Olimpiki, Montreal 1976, maabara ilianza na njia ya Raymond Brooks wa London iliyotumia kingamwili na chembe za mnururisho. Ilikuwa ya haraka, ila kingamwili hushika hata kinachofanana tu na steroidi. Ilitoa shaka, jina ikashindwa kulitaja. Katika sampuli 275, wanane walinaswa. Wajanja wakahamia testosteroni, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Moscow 1980 hakunaswa hata mmoja, jambo ambalo hata mtoto angelicheka.

Manfred Donike hakucheka. Mkemia huyu wa Cologne aliwahi kushiriki Tour de France, hivyo pufya hakuisoma vitabuni tu. Alitegemea kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Kinachochujwa kwenye mkojo hugeuzwa mvuke na kupitishwa kwenye bomba jembamba kama uzi, refu la makumi ya mita. Kila kemikali hutoka kwa zamu yake, hupigwa na elektroni ikavunjika, na uzito wa vipande huitambulisha. Testosteroni aliilinganisha na epitestosteroni: ikizidi mara sita, mwanamichezo alikuwa na maswali ya kujibu.

Agosti 1983 mitambo hiyo ilikuwa Caracas, kwenye Michezo ya Pan-American. Wanyanyua vyuma wakaanza kunaswa mmoja baada ya mwingine. Mmarekani Jeff Michels akapokonywa dhahabu tatu. Kuona hivyo, wanariadha wa Marekani wapatao kumi na wawili wakafunga virago na kupanda ndege kabla ya kushindana. Hakuna aliyewafukuza. Sijui ungamo gani lingekuwa wazi kuliko tiketi zile.

Mkimbiaji wa Kanada Ben Johnson alinaswa Seoul 1988. Kipimo cha EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, kikaja Sydney 2000. Donike mwenyewe alifariki ndegeni Agosti 1995, akija Afrika kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya Harare.

Nairobi ilipata maabara iliyoidhinishwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, mwaka 2018, lakini ya damu, kwa pasipoti ya kibayolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu vya kila mwanamichezo. Mkojo wa Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya, umeendelea kupimwa ng'ambo. Kwa medali tulizonazo, hiyo ni fedheha.